Kwato ya Fundi Gumba

Mdogo wangu wa mwisho, huyu ambaye mtaa mzima unamwita Fundi Gumba, alizaliwa na kidole gumba cha kawaida kama chako na changu. Siku zake za mwanzo kwenye kazi ya kupaka rangi alifungua debe kwa pupa, mfuniko ukamchana kidole cha kulia katikati kabisa, kuanzia ncha kushuka chini. Mama alimfunga kitambaa akamwambia atulie nyumbani. Hakutulia. Kidonda kikapona ovyo, kikaacha ufa. Ukikitazama kidole kile leo utadhani mtu amechukua kwato ya mbuzi akaishikiza kwenye mkono wa binadamu.

Mtu mwingine angekificha. Huyu wetu akakifanya mhuri. Akimaliza kupaka chumba, anakichovya kidole kwenye rangi ya mlango, anainama, anakibandika ukutani, chini kabisa, pembeni ya fremu, mahali ambapo mwenye nyumba hatazami mpaka adondoshe funguo. Pa! Kazi imekwisha. Aliyemfundisha kazi alimgombeza mpaka akachoka. Wateja wengine wamemfokea. Wapi!

"Dada," aliwahi kuniambia, "mshonaji anaweka lebo yake kwenye kola. Mimi nisiweke hata kidole?"

Nikamwambia aweke, ila asije akaanza kuweka na cha mguu.

Watoto wake wamekulia kwenye kidole hicho. Mkubwa ni msichana, yuko darasa la pili, tunamwita Maswali, na ukikaa naye kidogo hutahitaji kuuliza kwa nini. Mdogo wake ni Bonge, na yeye ukimwona tu umeshajua. Hawa wawili wakiingia popote, zahanati, kwa kinyozi, ofisini kwa mwalimu mkuu, kitu cha kwanza ni kuinama mlangoni kutafuta. Atakayeona kwanza anapiga kelele, "Kwato!" Na baba yao, hata kama yuko kwenye foleni ya sindano na ameshaanza kulegeza mkanda, atajipiga kifua: "Mimi huyo!" Watu wanageuka. Yeye anachekelea kama aliyekabidhiwa kombe.

Mimi na mke wake, wifi yangu, tulikuwa tunamcheka mpaka machozi. Lakini kwa wale watoto halikuwa jambo la kucheka. Kwao, jiji lote hili lilitengenezwa na baba yao, na ushahidi upo, inama uone.

Basi likizo ikafika. Mwalimu wa Maswali akawaambia watoto watembezwe mjini, waone majengo ya kale, masanamu na michoro, halafu shule ikifunguliwa kila mtu asimame awasimulie wenzake alichokiona kwa macho yake. Wifi alikuwa kazini, nikasema nitawapeleka mimi. Fundi Gumba akasikia.

"Uwapeleke wewe? Wewe ukivuka barabara ya pili si unaanza kuuliza njia? Jiji hili nimelipaka mimi, Dada. Nitawatembeza mwenyewe. Wewe beba chupa za maji."

Nikabeba chupa za maji.

Tulianzia kwenye sanamu la yule bwana wa chuma anayesimama kati ya barabara nne, mkono mmoja juu kama anayeita teksi. Maandishi ya chini yamefutika, na pua imemeguka yote.

"Baba, huyu nani?" Maswali akauliza.

"Huyu ni mkubwa mmoja wa zamani."

"Mkubwa wa nini?"

"Wa... wa eneo hili hili."

"Mbona hana pua?" Bonge naye.

"Alikuwa hapengi kamasi."

Bonge akapenga palepale, kwenye sketi yangu.

Tukaenda kwenye mnara wa saa. Fundi akakunja mikono nyuma, akakohoa kama mhadhiri. "Mnara huu, wanangu, zamani ulikuwa krimu. Baadaye ukawa kijivu. Halafu wakaona kijivu kinanuna, wakaurudisha krimu."

"Ulijengwa lini?"

"Si nimekwambia, ulipokuwa krimu."

Ikawa hivyo mji mzima. Benki kuu ilikuwa bluu. Stesheni ilikuwa na mistari. Nikamwambia mwalimu atapelekewa historia ya makopo, akasema nina wivu. Watoto walikuwa wanamfuata mdomo wazi, na kusema kweli, hata mimi nilikuwa nimeanza kufurahi.

Mpaka tukakata kona, tukatokea kwenye jumba lile la nguzo nene na mlango wa mbao wa vipande viwili. Hatua za Fundi zikapungua. Akasimama.

"Hapa hamna kitu," akasema. "Maofisi tu. Twendeni tukale aiskrimu."

Sasa hebu mwambie hivyo mtoto aliyejua kusoma juzi. Maswali alishakiona kibao, anakisoma silabi moja moja: "Ma-ku-mbu-sho... ya... Ji-ji. Baba, si ndiyo haya?"

"Leo wamefunga."

Palepale mlango ukafunguka, ikatoka familia nzima na mtoto wao wa kubebwa.

"Hawajafunga, Baba."

"Basi wanakaribia kufunga."

Nikacheka. Nilidhani amebanwa na haja ndogo na anaona aibu kuomba choo cha watu. "Ingia bwana," nikamwambia, "choo kitakuwemo." Nikamsukuma mgongoni kwa mkono wangu mwenyewe.

Ndani tulipokelewa na binti mwembamba wa kutembeza wageni, sauti yake kama kengele ya baiskeli. Akatuchanganya na watu wengine waliokuwa wakisubiri, mzee mmoja wa kofia na akina mama kadhaa, akatuingiza kwenye ukumbi mkubwa. Ukuta wa mbele ulikuwa mweupe kutoka dari mpaka sakafu, umeegemezwa ngazi. Lakini katikati weupe ulikuwa umekwanguliwa, na chini yake watu walikuwa wanachungulia. Mikono imekamata kamba. Nyayo zimekita ardhini. Uso wa mwanamume amevimbisha mashavu kwa kuvuta. Rangi zao zimefifia, lakini unasikia kabisa wanahema.

"Picha hii ilijaza ukuta wote," binti akasema. "Aliichora mtu wa hapa hapa jijini, jumba likiwa jipya. Hawa ndio watu waliovuta mawe yaliyolijenga. Halafu jumba likaja kuwa ofisi, ukatangazwa ugeni mkubwa, wakubwa wakaona ukuta hauonekani safi. Akaletwa mtu na ndoo."

"Aaaa!" wakasema akina mama.

"Akapaka. Akarudia, akarudia tena, mpaka hakuna kinachoonekana."

"Huyo alifaa viboko," akasema mzee wa kofia.

"Jina lake hatulijui, mzee. Sisi tunamwita Bwana Ndoo." Watu wakacheka. "Wenzetu wanamkwangua kwa kisu kidogo, kipande kama ukucha, kipande kama ukucha. Hapo juu, juu ya jiwe lenyewe, hatujafika. Kuna kitu, ila hatujui ni nini."

Mimi nami nilicheka, sana tu. Nikageuka ili nicheke na mdogo wangu. Nikamkuta anaangalia viatu vyake.

"Kwato!"

Maswali alikuwa amepiga magoti kwenye pembe ya mlango, gauni sakafuni, kidole kimeelekea ukutani, macho yanang'aa. Na kweli ilikuwepo. Ya kahawia, rangi ya ule mlango, imepasuka katikati.

"Baba! Kwato! Kumbe na hapa umepaka!"

Akawa anasubiri kifua kipigwe.

Yule binti akasogea, akainama. "Hii? Sisi tulidhani ni uchafu tu."

"Siyo uchafu! Ni ya baba yangu, kidole chake kina ufa, muone!"

Watu wote wakageuka. Na mdogo wangu, mtu aliyekionyesha kidole kile kwa manesi, kwa vinyozi, kwa mwalimu mkuu, akakitumbukiza mfukoni pamoja na mkono mzima.

"Mtoto huyu naye," akasema, akacheka kicheko ambacho sijawahi kukisikia kwake wala kwa mtu yeyote wa ukoo wetu. "Huona kwato kila mahali. Inuka mama, unachafua gauni. Si yangu hiyo."

"Ni yako, Baba. Ina ufa."

"Nimesema si yangu. Hukuona vizuri."

"Lahaula!" akasema mzee wa kofia. "Nusura amfungishe baba yake!"

Watu wakaangua kicheko, safari hii wakimcheka mtoto. Maswali akainuka. Akajipangusa magoti, goti moja, halafu la pili, taratibu, kama mtu mzima. Hakumtazama baba yake usoni. Aliutazama ule mfuko. Na mimi shangazi yake, mdomo wote huu unaousikia, nilikuwa bize nafunga kifuniko cha chupa ambacho kilikuwa kimeshafungwa.

Mkono ule haukutoka mfukoni mpaka tunafika nyumbani. Hata aiskrimu Bonge alilishwa kwa mkono wa kushoto, nyingine akalishwa puani.

Tangu hapo mchezo ukafa. Bonge alijaribu. Kwa kinyozi akaipata, akapiga kelele peke yake, "Kwato!" Dada yake akasema, "Labda si yake," akaendelea kutazama barabarani. Baba alikuwa amekaa kwenye kiti, povu kidevuni. Kinyozi aliniambia nusura amkate, kwa jinsi alivyoshtuka.

Siku moja nikiwa namsuka, Maswali akaniuliza, kichwa kimeinamia magotini mwangu.

"Shangazi, vidole vya watu wawili vinaweza kupasuka sawasawa?"

Kitana kikasimama. "Kwa nini, mama?"

"Shule ikifunguliwa nitasimama niseme nilichoona. Sasa nitasema niliona nini? Nitasema sikuona vizuri?"

Nikazimaliza zile nywele vibaya, mistari imepinda yote, nikaenda uani. Baba yake alikuwa anaosha brashi.

"Unaosha brashi au uso?"

"Dada, usianze."

"Nianze nini? Ukuta uliupaka hata huyu mtoto hajazaliwa, ukuta hauna habari na wewe. Lakini umemfanya mwanao mwongo mbele za watu, na yeye ndiye aliyekuwa anasema kweli peke yake ukumbi mzima."

Akaendelea kuikamua brashi iliyokwisha kukauka. "Ungekuwa wewe ungesema? Wote wale wameshanichapa viboko? Bwana Ndoo?"

"Mimi ningezimia kwanza, halafu ningesema."

Hakucheka. Mimi nikimtania huwa anacheka hata msibani. "Mwanangu anajua mimi ndiye niliyelitengeneza jiji hili, Dada."

"Alikuwa anajua."

Neno hilo lilinitoka tu. Uso ukamshuka kama pazia lililokatika kamba, nikatamani nilimeze tena, lakini lilishafika.

Kesho yake asubuhi akavaa shati la kwenda mahali. Akamwambia Maswali, "Twende kule," akampa mkono wa kulia amshike. Sikualikwa. Nikafuata tu, na Bonge.

Ukumbini palikuwa na wageni wengine na binti yuleyule, sauti ileile, ameshafika kwenye ndoo. Kwenye ngazi alikaa mama mmoja amevaa miwani mbili, moja juu ya nyingine, kisu kidogo mkononi. Mdogo wangu hakumsalimia mtu. Alikwenda moja kwa moja pembe ya mlango, akapiga magoti yanalia, akakiweka kidole juu ya alama. Kikakaa kama mfuniko kwenye debe lake.

"Mimi huyo," akasema.

Hakujipiga kifua. Alisema kama mtoto aliyeitwa jina darasani na hajui ameitiwa zawadi au fimbo. Binti wa kutembeza wageni akanyamaza katikati ya sentensi, nadhani ilikuwa mara yake ya kwanza.

"Siku ile mwanangu aliona vizuri," akasema, bado yuko chini, sasa anaongea na ule mlango. "Mimi ndiye niliyesema uongo."

Mama Miwani akashuka ngazi. Akamtazama juu mpaka chini.

"Kumbe Bwana Ndoo ndiye wewe. Miaka yote hii nakutukana huko juu, natamani siku moja nikuone nikutukane vizuri. Sasa nimekuona, na matusi yote yamenikimbia."

"Nisamehe, mama."

Alikuwa na huruma yule mama, ilionekana. Akashusha pumzi. "Lakini kaka, ukuta wenyewe ulikuwa na masizi, si ndiyo? Miaka ya taa za mafuta. Pengine hata hukujua kama kuna picha. Wengi wasingejua."

Alimfungulia mlango huo kabisa, wazi. Apite tu. Niliomba moyoni apite, akubali, aseme masizi, twende zetu tukale aiskrimu. Alishafungua mdomo. Na Maswali akauliza swali.

"Baba, pale juu ya jiwe kulikuwa na nini?"

Mdogo wangu akamtazama mwanawe, akatazama ule weupe juu. Sijawahi kuona mtu akipanda ngazi bila kuinuka sakafuni, lakini yeye alikuwa anapanda, kwa macho.

"Mtoto," akasema. "Kulikuwa na mtoto. Amekaa juu ya jiwe, wanalivuta naye yumo. Mguu mmoja una kiatu, mwingine hauna. Anacheka."

Mama Miwani akavua miwani moja.

"Kwa hiyo uliona."

"Niliona."

"Ukapaka."

"Nilianza na kamba. Nikapaka miguu, nikapaka vichwa. Yule mtoto nilimwacha wa mwisho. Nikashuka nikanywa maji. Nikapanda, nikampaka."

"Kwa nini?" Maswali.

"Niliambiwa nipake, mama."

"Ungesema hapana."

"Ningesema."

"Halafu ukaweka kidole."

Hapo ndipo neno lilipomwingia. Hayo mengine yote alikuwa ameyajua siku zote, lakini hilo la kidole, kwamba alishuka pale, akachovya, akainama, akajipongeza, nadhani hakuwa amewahi kulitazama mpaka mtoto wa darasa la pili alipomwekea mbele. Akakaa kabisa sakafuni, na shati lake la kwenda mahali.

"Nikaweka kidole," akasema.

Hakuna aliyemwambia usijali. Mzee wa kofia hakuwepo, nami nilishukuru, ingawa wale wageni wapya walimtazama kwa namna ambayo viboko vingekuwa nafuu. Mama Miwani alivaa miwani yake tena, akaishika ngazi.

"Mguu wenye kiatu ni upi?"

"Wa kushoto. Upande wa dirisha."

Akaisogeza ngazi upande wa dirisha, akapanda, akaanza kukwangua. Vumbi jeupe likawa linadondoka, kidogo, kidogo. Maswali akaenda kukaa chini karibu na baba yake. Hakumwegemea. Alikaa tu, wanatazama juu wote wawili, mpaka Bonge akatangaza kwamba ana njaa na kwamba huyo mtoto wa ukutani anachelewa sana.

Kiatu kilipatikana baadaye, cha kushoto, kama alivyosema. Na usidhani mambo yaliishia kwenye sifa. Alama ya kidole waliamua isisuguliwe. Sasa yule binti akimaliza habari za Bwana Ndoo anawaambia wageni wainame mlangoni, na watoto wa shule wanainama makundi kwa makundi. Maswali naye alisimama darasani akasema yote, ya ukuta, ya mfukoni na ya masizi aliyoyakataa, bila kuruka hata moja, na mwalimu wake akamletea Fundi salamu. Fundi Gumba siku hizi akienda mjini anazunguka njia ya sokoni, ndefu, ili tu asipite mbele ya jumba lile. Mimi huwa namwuliza kama amehamia biashara ya nyanya. Anacheka kidogo, basi.

Juzi alinipakia chumba changu, kijani kibichi, nilikichagua mwenyewe na wifi ananicheka mpaka leo. Kabla hajaanza, alilowesha kitambaa akaufuta ukuta wote, polepole, anatazama, kama vile ndani ya chumba cha kupanga cha mwanamke mmoja kunaweza kuwa na mtu amekaa juu ya jiwe. Alipomaliza kazi akafuta brashi, akafunga debe, akatoka.

Maswali alikuwa amesimama kizingitini.

"Baba, hujaweka."

"Acha tu, mama. Ilikuwa mchezo."

"Weka."

Akarudi. Akafungua debe la rangi ya mlango, taratibu, akiuangalia ule mfuniko. Akachovya, akainama, akabandika.

"Kwato," akasema Maswali, bila kupiga kelele.

"Mimi huyo," akasema baba yake, na akawa anamtazama, mkono umening'inia unachuruzika rangi kwenye sakafu yangu.

Mtoto akainama, akaikagua alama, ufa wake na kila kitu, kwa muda mrefu.

"Ndiyo," akasema. "Nimeona vizuri."